Kudai Maktaba Mwaka Mzima: Ratiba na Njia za Kushawishi Bunge la Kaunti

Kila ifikapo Juni, bajeti ya kaunti inaposomwa, hukosi kumsikia mtu barazani akiuliza: na maktaba je, imetengewa ngapi? Swali ni zuri lakini limekuja jioni. Kufikia siku hiyo viwango vya kila idara vilishapitishwa tangu Machi, na miradi iliorodheshwa tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Anayeanza kudai Juni amefika karamuni sahani zikioshwa.

Makala haya yanaeleza jinsi kikundi cha mtaa, chama cha wazazi, kamati ya msikiti au walimu wa skuli moja wanavyoweza kupanga kazi ya kudai maktaba mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, mbele ya Bunge la Kaunti na serikali ya kaunti. Tarehe zilizotajwa zimo katika sheria na ni zilezile Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kinachobadilika ni majina ya kamati na siku za vikao.

Maktaba ni jukumu la nani?

Wengi bado hudhani maktaba ni kazi ya Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inaitaja maktaba kwa jina miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na makavazi, michezo na shughuli za utamaduni. Kwa hivyo mlango wa kwanza wa kubisha ni wa gavana, waziri wa kaunti anayehusika, na mwakilishi wadi wako.

Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, ndiyo iliyojenga na kuendesha matawi mengi ya umma kabla ya ugatuzi. Kukabidhi matawi hayo kwa kaunti, pamoja na wafanyakazi na fedha zao, kumekuwa mvutano wa miaka mingi, na katikati ya mvutano huo kila upande umepata nafasi ya kuuelekezea kidole upande wa pili. Mwananchi akijua Katiba inasemaje, hazungushwi.

Na sisi wa Pwani hatuwezi kusema maktaba ni jambo geni. Maktaba ya Seif bin Salim ilifunguliwa Mombasa mwaka wa 1903, miaka 28 kabla ya ile ya McMillan ya Nairobi ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya Wazungu pekee. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akichapisha magazeti yake hapa Mombasa miaka ya 1930. Ngome ya Lamu ina maktaba ndani yake. Wakati huohuo, mtu anayetaka kuziona nakala za zamani za mashairi ya Muyaka bin Haji, mtu wa Mombasa, huelekezwa London, zilikowekwa karatasi za mmisionari William Taylor aliyeyakusanya. Hasara ya kutokuwa na mahali pa kuweka maandishi yetu tumeshaiona.

Kabla ya kalenda: jueni mnataka nini

Mwakilishi wadi akiambiwa "tunataka maktaba" ataitikia "Inshallah" na mkutano utakwisha. Akiambiwa "tunataka maktaba iliyopo ifunguliwe hadi saa mbili usiku siku za mitihani, na iwe na wafanyakazi wawili zaidi", hapo ana la kujibu. Chagueni madai mawili au matatu ya mwaka, yaandikeni kwenye ukurasa mmoja, na msiongeze mengine hadi mwaka uishe.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni. Bajeti ya kaunti ina mifuko miwili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo. Wanasiasa huupenda mfuko huo kwa sababu unazaa majengo, na jengo hufunguliwa kwa utepe na picha. Lakini vitabu, mishahara ya wakutubi, umeme, maji na intaneti kwa sehemu kubwa hutoka mfuko wa kawaida. Mkidai jengo bila kudai fedha za kuliendesha, mtapata jengo lenye kufuli. Kwa kila dai la ujenzi, andikeni pembeni: nani atalifungua asubuhi, na mshahara wake umo kifungu gani?

Kisha tafuteni maktaba imejificha wapi ndani ya bajeti. Kaunti moja huiweka chini ya elimu, nyingine chini ya utamaduni, nyingine pamoja na vijana na michezo. Mara nyingi haina kifungu chake, imemezwa ndani ya programu kubwa. Kitu kisicho na kifungu chake hakifuatiliki, maana hakuna atakayejua kilipunguzwa lini. Kwa hivyo dai la kwanza kwa kaunti nyingi ni dogo na halina gharama: maktaba ipewe kifungu chake chenye jina lake.

Mwisho, kusanyeni hesabu zenu. Ombeni ruhusa kwa mkutubi mhesabu wanaoingia kwa wiki mbili, moja ya kawaida na moja karibu na mitihani. Andikeni viti vingapi, saa ngapi za kazi, vitabu vya Kiswahili vingapi, vitabu vya mtaala wa sasa vingapi, mlango una njia ya kiti cha magurudumu au hauna. Kama wadi haina maktaba kabisa, andikeni nauli ya mtoto kwenda na kurudi hadi iliyo karibu. Hesabu ya nauli humgusa mheshimiwa kuliko hotuba.

Kalenda ya mwaka

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Kila hatua ina tarehe yake ya mwisho kisheria. Fanyeni kazi yenu wiki kadhaa kabla ya tarehe hiyo, msingoje ifike.

Julai na Agosti: Huu ndio mwanzo halisi. Kufikia Agosti 30 waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka wa kuziongoza idara katika kuandaa bajeti ya mwaka ujao. Waraka huo hueleza ratiba na jinsi umma utakavyoshirikishwa. Uombeni. Wakati huohuo idara zinaandika miradi yao. Nendeni kwa mkurugenzi wa idara yenye maktaba, mkiwa watu watatu au wanne, na ukurasa wenu mmoja. Afisa aliyeandika mradi mwenyewe huutetea.

Septemba: Kufikia Septemba 1 Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti, kisha sheria inataka uchapishwe na kutangazwa ndani ya siku 7. Mpango huu ni wa mwaka utakaoanza Julai inayofuata. Usomeni mtafute neno maktaba. Kama halimo, andikieni kamati husika barua wiki hiyohiyo. Mradi usiokuwamo humu utapata taabu sana kuingia baadaye. Mwisho wa Septemba hutoka pia mapitio ya bajeti ya mwaka uliokwisha. Humo mtaona idara ilipewa ngapi na ikatumia ngapi.

Oktoba hadi Desemba: Miezi hii bajeti imenyamaza, kwa hivyo ndiyo ya kujenga urafiki. Mwalikeni mwakilishi wadi wenu maktabani wakati wa mitihani ya kitaifa, aone watoto waliokaa sakafuni. Mwalikeni pia mwenyekiti wa kamati ya bajeti na karani wa kamati. Makarani hubaki waheshimiwa wanapobadilika, na ndio wanaopanga ajenda. Mwisho wa Oktoba ni zamu ya ripoti ya robo ya kwanza: hazina ya kaunti hutakiwa kuwasilisha ripoti ya utekelezaji bungeni ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka.

Januari hadi Machi: Hiki ndicho kipindi kizito kuliko vyote, na ndicho tunachokipuuza. Kufikia Februari 28 Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti huwasilishwa bungeni, na bunge lina siku 14 kuujadili na kuupitisha. Waraka huu huweka kiwango cha juu cha kila idara. Idara ikiwekewa dari ya chini hapa, mwezi Mei mtakuwa mkigombania makombo ndani ya dari hiyo. Sheria inaitaka hazina ya kaunti itafute maoni ya umma inapouandaa, kwa hivyo maoni yenu yapelekwe Januari na mapema Februari. Kati ya 2026 na 2028 Ramadhani inagusa Februari. Vikao vikiitishwa alasiri, kina mama watakuwa jikoni na wengi watakuwa wamechoka. Pelekeni maandishi kabla ya mwezi kuanza, na muombe kwa barua vikao viwe asubuhi. Hilo ni ombi la haki kabisa, lakini halipewi asiyeliomba.

Aprili na Mei: Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti hufika bungeni. Kamati huyachambua na vikao vya umma hufanyika, mara nyingine kwa tangazo la siku chache tu. Wekeni mtu mmoja wa kufuatilia matangazo ya magazeti, tovuti ya kaunti na ubao wa ofisi ya msimamizi wa wadi. Kumbukeni kanuni moja ya sheria: bunge likiongeza fedha mahali, lazima lipunguze mahali pengine. Kwa hivyo msiseme tu "ongezeni". Onyesheni kifungu kinachoweza kupunguzwa: safari, mapambo, matangazo, ukarabati wa ofisi. Mkifika na kifungu na tarakimu, mmemfanyia mheshimiwa nusu ya kazi.

Juni: Bunge hupitisha bajeti kabla ya Juni 30. Kazi yenu hapa ni kushuhudia na kuandika. Nani alizungumza, kifungu kimebaki na ngapi? Kisha pelekeni barua ya shukrani kwa kila aliyesaidia, hata kama alishindwa. Watu wa Pwani tuna adabu ya shukrani harusini na msibani, ila siasa tunaiachia lawama tupu.

Juu ya hayo yote kuna bajeti ya ziada, ambayo haina mwezi maalum. Humo ndimo fedha zilizoshangiliwa Juni huhamishwa kimyakimya. Muulizeni karani wa bunge kila mwezi kama ipo njiani.

Kuna na kalenda kubwa zaidi. Mpango wa miaka mitano wa kaunti, ule watu wanaouita CIDP, wa sasa unaanzia 2023 hadi 2027, na kila mpango wa mwaka hutakiwa kuufuata. Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na mpango mpya huandaliwa baada yake. Miezi ya kampeni wapeni wagombea wa vyama vyote ukurasa uleule, waulizeni hadharani, mwandike majibu yao. Baada ya kuapishwa, wapelekeeni nakala ya majibu hayo.

Vifaa vya kisheria mlivyo navyo

Cha kwanza ni haki ya habari. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuomba nyaraka, na ofisi ya umma hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Andikeni barua kwa Kiswahili au Kiingereza, tajeni waraka mnaoutaka, mpate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Wakikataa au wakinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Cha pili ni ombi rasmi kwa bunge. Ibara ya 37 ya Katiba inalinda haki hiyo, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamruhusu mtu yeyote kuliomba Bunge la Kaunti lishughulikie jambo lililo katika mamlaka yake, ikiwa ni pamoja na kutunga au kubadilisha sheria. Kwa kawaida ombi hutakiwa liandikwe kwa lugha ya heshima, lisiwe na mikwaruzo, liseme jambo ni lipi, mmeshafanya nini kulitatua na mlijibiwa vipi, kama liko mahakamani au la, na mnaliomba bunge lifanye nini hasa. Mwisho huwekwa majina, nambari za vitambulisho na sahihi au alama ya dole gumba. Ombi likikosa moja ya hayo hurudishwa, na kikao kinapita. Mpeni karani alitazame kabla ya kuliwasilisha.

Cha tatu ni Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Sheria ya fedha inalitaka liwe na wawakilishi wa wananchi sawa kwa idadi na mawaziri wa kaunti, wakitoka katika wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, kina mama, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya dini. Ulizeni wa dini ni nani katika kaunti yenu, na wa kina mama ni nani. Nendeni kwake na dai la maktaba. Kama hamjawahi kusikia jina lake, hilo nalo ni swali la kuuliza.

Mswada wa maktaba

Bajeti ni ya mwaka mmoja, lakini sheria hudumu. Kaunti inaweza kujitungia sheria ya maktaba inayosema: kutakuwa na huduma ya maktaba, bodi yake itakuwa na nani, saa za chini za kufunguliwa ni ngapi, na mkusanyiko wa maandishi ya wenyeji utatunzwa vipi. Sheria kama hiyo haimwagi fedha, ila inampa mwananchi mahali pa kusimama anapodai.

Mwakilishi yeyote au kamati inaweza kuleta mswada. Husomwa mara ya kwanza, huenda kwa kamati na kwa umma, husomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu, kisha mara ya tatu. Gavana ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha na sababu. Safari hii huweza kuchukua zaidi ya mwaka, na bunge likimaliza muhula mswada ambao haujakamilika huanza upya. Kwa hivyo wakati mzuri wa kuanza ni mwaka wa kwanza au wa pili wa muhula, waheshimiwa wanapotafuta la kuwekea jina.

Hesabu za bunge nazo mzijue. Mombasa ina wadi 30, Kilifi 35, Kwale 20, Taita Taveta 20, Tana River 15 na Lamu 10. Lamu, ukiwa na marafiki watano wa wadi tofauti waliokubali kwa dhati, tayari sauti yenu ni nzito. Kilifi mtahitaji kuungana, wa Malindi na wa Kaloleni, kila mmoja amshike mheshimiwa wake. Mwakilishi husikiliza wapigakura wa wadi yake kwanza, hata barua ya wadi nyingine iwe nzuri vipi.

Nani afanye nini

Msiwabebeshe wakutubi kazi hii. Wao ni waajiriwa wa umma na wanaweza kuadhibiwa wakionekana kupiga siasa. Wape kazi ya takwimu na ushauri, sauti iwe ya watumiaji. Kikundi cha watu saba kinatosha: mmoja wa tarehe na matangazo, mmoja wa barua na kumbukumbu, mmoja wa hesabu, wawili wa kuonana na waheshimiwa, mmoja wa vyombo vya habari, mmoja wa vijana. Kutaneni mara moja kwa mwezi, nusu saa baada ya swala ya alasiri au siku ya chama.

Msikiti una nafasi yake. Mimbari ya Ijumaa si jukwaa la kampeni, lakini tangazo baada ya swala kwamba kikao cha bajeti ni Jumanne saa nne ofisi ya wadi halimvunjii mtu heshima. Umma ambao wahyi wake wa kwanza ulikuwa amri ya kusoma haupaswi kuona haya kudai mahali pa kusomea. Wakfu nao ni mila yetu njema, na mwenye kutoa kiwanja au vitabu ana thawabu zake. Lakini sadaka ya mwananchi isiwe kisingizio cha kaunti kutoroka wajibu wake. Mkipewa kiwanja cha wakfu, kipelekeni mezani kama mchango, muulize kaunti nayo italeta nini.

Mambo matatu yaepukeni. Msikifungamanishe kikundi na mgombea mmoja, maana akianguka mnaanguka naye. Msikubali kompyuta kumi za kupigiwa picha badala ya kifungu cha bajeti. Na msiende kwenye kikao cha umma bila maandishi, kwani maneno ya mdomo hufupishwa na mwandika kumbukumbu kuwa "wananchi walitoa maoni". Karatasi yenye muhuri haifupishwi.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa upande wa maktaba, kuwapo ni barua ya Agosti, mkutano wa Oktoba, maoni ya Januari, kikao cha Mei na ripoti ya kila robo. Kazi ya kwanza ya wiki hii ni ndogo: pateni jina la karani wa Bunge la Kaunti yenu, mwandikieni barua ya kuomba ratiba ya bajeti na jina la kamati inayosimamia maktaba, mpige muhuri nakala, na muanze kuhesabu siku 21.

Wabillahi tawfiq.